Waandike Wote

Nakuandikia wewe uliyelala jana ndani ya hema, au kwenye darasa la shule lisilo na vioo madirishani, au sebuleni kwa shemeji ambaye macho yake yanakufuata kila unapochukua kikombe. Sikujui. Pengine uko Kenya hapahapa, pengine uko Kivu, pengine uko mahali nisipowahi kufika. Ninachokijua ni kwamba yuko mtu wako usiyemwona, na kila lori likisimama unainuka kutazama wanaoshuka. Nami niliinuka hivyo. Mungu alinivusha, na nimeona si haki kukaa na ushuhuda huu kifuani wakati wewe bado uko njiani.

Kwetu ni upande wa Burnt Forest, karibu na barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Ni nchi ya baridi, ya mahindi na viazi na ng'ombe wa maziwa. Baba mkwe wangu alinunua shamba lake pamoja na wenzake katika kampuni ya kununua ardhi, miaka ya baada ya uhuru. Sisi ni Wakikuyu. Majirani zetu wengi ni Wakalenjin. Tuliuziana maziwa, tukaazimana jembe, watoto wakakaa dawati moja. Lakini tulijua pia, sitakuficha. Mwaka 1992, wakati wa uchaguzi wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi, nyumba za kwetu zilichomwa. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Shosho, alikimbia mwaka ule, akarudi, akajenga tena juu ya msingi uleule. Tangu hapo kila ulipofika mwaka wa kura alikuwa akizunguka boma jioni, anagusa vitu: mlango wa ghala, kamba ya ndama, ukuta. Haongei.

Kura zilipigwa Alhamisi, tarehe 27 Desemba 2007. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mengi yako ghalani. Mume wangu alikuwa amejiandikisha kupigia kura Nairobi, anakofanya useremala, hivyo alikula nasi Krismasi akaenda zake. Nyumbani tulibaki watano: Shosho, mimi, binti yangu mkubwa, mtoto wangu wa kiume aliyekuwa darasa la pili, na mchanga wa mgongoni.

Jumapili ya tarehe 30, jioni, matokeo yakatangazwa. Kabla giza halijaingia sawasawa rais alikuwa ameshaapishwa. Tulikuwa tunasikiliza redio jikoni. Shosho aliizima kwa mkono wake akasema, "Fungeni nguo."

Tuliona moto upande wa pili wa bonde. Halafu mwingine, karibu zaidi. Jirani yetu, mzee wa Kikalenjin wa rika la marehemu baba mkwe, alikuja mlangoni anahema. Akaniambia, "Mama, toka na watoto sasa hivi. Wanaokuja sitaweza kuwazuia." Akatutoa kwa njia ya nyuma, kupitia miti yake mwenyewe, mpaka karibu na barabara. Hakusema kwaheri. Alirudi haraka ili asionekane.

Nilisikia harufu kabla ya kugeuka. Ghala letu lilikuwa linaungua. Mahindi yakiungua yananukia vizuri, ndilo jambo linalonisumbua mpaka leo. Ni harufu ileile ya mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara. Nikiipata mjini huwa nabadilisha njia.

Tulilala kwenye uwanja wa kituo cha polisi pamoja na mamia ya wengine. Likapatikana lori moja. Walioongoza watu wakasema wazee na watoto wadogo wapande kwanza wapelekwe Eldoret, wenye nguvu wangoje lori la pili. Shosho alipanda. Mwanangu akapanda pamoja naye akiwa amebeba kikapu chake, kwa sababu magoti ya Shosho yalikuwa mabaya na alihitaji mtu wa kumshika mkono. Mimi nilibaki na binti yangu na mchanga. Niliwapungia.

Lori la pili halikuja.

Ikafika tarehe 1 Januari. Mtu mmoja alikuwa na redio ndogo, tukamzunguka. Ndipo tukasikia habari za Kiambaa. Karibu na Eldoret. Watu walikuwa wamejificha kanisani. Wanawake wengi. Watoto wengi. Kanisa likachomwa wakiwa ndani.

Lori lilikuwa limekwenda Eldoret. Lilibeba wazee na watoto. Wangepelekwa wapi, kama si kanisani?

Sikulia. Nilikaa chini. Mchanga alikuwa analia mgongoni, na mimi nikasikia kama analia mtoto wa mtu mwingine, mbali. Binti yangu alinishika bega. "Mama, mnyonyeshe." Nikamnyonyesha. Maziwa hayakutoka. Akaendelea kulia. Nikamwambia Mungu, sitaki kujua. Halafu nikamwambia, nataka kujua. Nikakaa hivyo. Jua likazunguka likatua, na sijui nilifanya nini kingine siku ile.

Maduka yalikuwa yamefungwa na kadi za simu hazikuonekana. Mume wangu alipofanikiwa kunipigia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mko wangapi?" Nikasema, "Tuko watatu." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Simu ikakatika pesa ikiwa imeisha.

Ndugu yangu unayesoma, kama umewahi kuulizwa swali hilo na ukatoa jibu pungufu, nakufahamu bila kuambiwa jina lako.

Tulifika Eldoret kwa msafara uliosindikizwa na askari, tukipita mawe na magurudumu yaliyochomwa barabarani. Niliwatafuta kwanza kwenye uwanja wa kanisa kuu la Katoliki, kulikojaa watu mpaka vichakani. Hawakuwapo. Nikaenda uwanja wa maonyesho ya kilimo, Showground, ambako maelfu walikuwa wamefika na wengine walikuwa bado wanaingia. Nilipita hema baada ya hema nikiita. Wengine walikuwa wanaita pia, majina yanapishana hewani, na kila mtoto aliyegeuka hakuwa wangu.

Nilikwenda vilevile mahali ambapo hakuna mama anayetaka kwenda. Baadhi ya maiti zilizotoka Kiambaa hazikuweza kutambulika. Sitakueleza niliyoyaona. Mwanangu sikumwona, wala hakukuwa na mtu wa kuniambia kwa hakika kwamba hayumo. Nilitoka pale nikiwa sina mtoto aliye hai wala sina kaburi. Usiku huo ndio uliokuwa wa chini kuliko yote. Niliomba, lakini maneno yalikuwa matatu tu, mwanangu yuko wapi, nikiyarudia mpaka alfajiri. Mama mmoja niliyelala naye chini ya turubai moja, ambaye hata yeye alikuwa hajui mumewe aliko, alinishika mkono na akawa anaitikia "Amina" kila nilipomaliza. Sikumwomba afanye hivyo. Imani yangu usiku ule aliibeba yeye.

Asubuhi yake binti yangu ndiye aliyeiona meza. Ilikuwa meza ya mbao chini ya mti, na kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu amekaa na fomu. Watu walipanga foleni kuandikisha waliopotezana nao. Nilitarajia angeandika jina na umri aseme, "Haya, mama, ngoja." Hakufanya hivyo. Aliuliza taratibu, kama hana kazi nyingine siku nzima. Mtoto anaitwaje shuleni? Nyumbani anaitwaje? Mwalimu wake ni nani? Soko lenu linaitwaje? Alivaa nini? Ana kovu? Nikamwambia kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Alikuwa pamoja na nani, na huyo bibi ana majina gani yote? Halafu akauliza swali lililonishangaza: "Huyu mtoto akiulizwa jina la mama yake, atajibu nini?"

Nikafikiri. Jina langu la kwenye kitambulisho mwanangu hakuwa akilitumia kamwe. Kijijini mimi huitwa mama wa binti yangu wa kwanza, na hilo ndilo alilolisikia tangu azaliwe. Kijana akaandika majina yote mawili. Namshukuru mpaka kesho. Simjui jina na sijamwona tena.

Kambi unaijua au utaijua, sina haja ya kuieleza sana. Foleni ya unga, foleni ya maharagwe, foleni ya maji. Baridi ya usiku ikipenya turubai. Watoto wakicheza mchezo wa kuchoma nyumba. Kofi Annan alipokuja nchini mwezi ule wa Januari kuwapatanisha wakubwa, kambini tulimwombea kwa jina kama tunavyomwombea mgonjwa wa nyumbani. Na kila nilipopata nafasi nilirudi mezani. Hakuna. Nikarudi. Hakuna. Siku nyingine nilikumbuka jambo dogo, kwamba kikapu cha Shosho kilikuwa na mkono uliofungwa kwa kitambaa cha bluu, nikaenda kulisema na likaandikwa.

Halafu wakaniita.

Lile lori halikufika Eldoret. Lilikuta njia imefungwa, likageuka, likarudi kwa njia ya Timboroa mpaka Nakuru. Shosho alishikwa na kifua njiani, wakamkimbiza hospitali mara tu walipofika. Mtoto alibaki Showground ya Nakuru na wanawake aliopanda nao. Aliandikwa kwenye orodha ya watoto walio peke yao, na alipoulizwa mama yake ni nani akataja lile jina la kijijini, na jina la mwalimu wake, na jina la soko. Jina lake la pili walivyoliandika huko halikufanana hata kidogo na la kwenye fomu yangu. Kilichounganisha karatasi mbili ni lile jina la kuitwa na lile kovu.

Nilipewa simu. Nikasikia pumzi. Kisha akasema, "Mama, Shosho amelazwa, na kikapu ninacho." Sikuweza kusema kitu. Binti yangu alininyang'anya simu akaongea yeye.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wiki ileile, mwisho wa Januari, Nakuru yenyewe ikalipuka, na baada yake Naivasha. Mwanangu nilikuwa nimejua aliko, na aliko ndiko kulikokuwa kunawaka. Na lazima niseme jambo hili kwa sababu ushuhuda usio na ukweli haumfai mtu: kule Naivasha watu waliochomwa ndani ya nyumba hawakuwa wa kabila langu, na waliochoma walikuwa wa kabila langu. Kuna mama wa Kijaluo aliyekaa chini siku hiyo kama nilivyokaa mimi tarehe 1. Huwa namwombea. Sijui kama mtoto wake alikuwa kwenye orodha yoyote.

Mkataba wa kuwapatanisha wakubwa ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, na barabara zikaanza kupitika. Mume wangu alikuwa ameshatangulia kufika Nakuru. Niliposhuka kwenye gari niliwaona wamesimama pamoja getini. Mwanangu hakunikimbilia. Alisimama akanitazama kama anayehakikisha. Nilipomfikia, aliniuliza, "Wewe walikuandika wapi?" Hilo ndilo swali alilolisikia watu wazima wakiulizana kwa wiki nyingi, akadhani ndivyo watu wanavyosalimiana.

Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu zile za baada ya uchaguzi, ilikuja kusema kwamba waliouawa ni 1,133. Serikali ilihesabu waliohama makwao kuwa zaidi ya 660,000. Kati yao 350,000 hivi walikuwa katika kambi 118. Nakusihi uitazame hesabu hiyo vizuri, maana karibu nusu hawakuwa kambini kabisa. Walikuwa kwa dada, kwa mjomba, kwenye chumba cha kupanga mjini watu wanane kwenye kitanda kimoja. Wengine walivuka mpaka wakaingia Uganda, wakawekwa Mulanda na baadaye Kiryandongo. Mtu wa kambini angalau alikuwa na namba ya hema. Aliyepokewa na ndugu alionekana amepona.

Shosho alikuwa mmoja wao. Alitoka hospitali akachukuliwa na binti yake aliyeolewa Nyandarua, na kwa kuwa orodha iliandikwa kwa waliokuwa kambini, yeye aliyekuwa kitandani hakuandikwa. Hakuwahi kupata hata blanketi kwa jina lake mwenyewe. Alikataa kurudi Burnt Forest. Alisema amejenga mara mbili, ya tatu tujenge sisi. Alizikwa huko Nyandarua, na kwenye hesabu yoyote ya waliohama mwaka ule hayumo. Hilo linaniuma kuliko ghala.

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Malori yalikuja kambini. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wengine walikuwa wanatamani kurudi, mvua zilikuwa zimeanza na shamba halingoji. Wengine waliogopa lakini kambi ilikuwa inafungwa. Wapangaji na wenye vibanda vya biashara hawakuwa na pa kurudi, maana hawakuwa na shamba, na hao ndio waliobaki mwisho kabisa. Wapo waliochanga pesa zao wakanunua vipande vidogo Mai Mahiu na Nyandarua wakaanza upya pale wasipojulikana. Siwalaumu.

Sisi tulipanda lori. Lilitushusha kwenye kambi ya mpito karibu na kituo cha polisi, umbali wa kutembea mpaka shambani. Siku ile tuliandikwa kwamba tumerudi. Usiku huo tulilala kwenye hema. Na usiku uliofuata. Mchana tulikwenda kulima, na saa kumi jioni, jua likiwa bado juu, kila mtu alianza kutafuta jembe lake na kuangalia barabara. Hakuna aliyesema twende. Tuliondoka tu.

Kutokana na hali hiyo nilianza kazi ambayo sikuitafuta. Kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilitaka kujua nani amerudi kweli, ili mabati na mbegu vifike panapostahili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa daftari. Nilijifunza haraka kwamba ukimuuliza mtu, "Mmerudi?" atasema ndiyo. Anaogopa kukosa msaada, au anaogopa kuonekana mwoga, au ameshachoka kuulizwa. Nikaacha swali hilo. Nikawa nauliza, "Jana usiku ulilala wapi?" Hapo ukweli hutoka. Halafu nauliza watoto wako shule gani, kwa sababu mzazi anaweza kurudi kulima na kuwaacha watoto kwa bibi yao mbali, na mtu hamrudishi mtoto mahali asipopaamini. Rejesta ya mwalimu mkuu ilinionyesha hali ya kijiji kuliko karatasi yoyote niliyoiona. Darasa lilipojaa, nilijua kuna nyumba zimeanza kulaliwa.

Niliwaandika pia ambao hawakuja. Mjane ambaye hati ya shamba iko kwa jina la mumewe na shemeji zake wameshalikodisha. Kijana aliyeuza ekari zake kwa bei ya kutupa ili asirudi tena kuona mahali alipofia baba yake. Niliandika jina la kila mtu wa nyumba, hata wa kunyonya, hata mzee aliyelazwa, hata yule aliyeko Uganda. Wenzangu waliniambia inatosha kuandika mwenye nyumba na idadi. Nilikataa. Idadi ya watu haiwezi kukuonyesha kwamba mama mkwe hayupo.

Na jirani yetu, yule mzee? Mara ya kwanza tulipofika shambani alisimama upande wake wa ua, hakuvuka. Mume wangu naye hakuvuka. Walisalimiana kutoka mbali, habari za mvua. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nikiona uchungu, maana aliyetutoa ni yeye. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameulizwa na watu wake kwa nini alitusaidia, na alikuwa na hofu yake mwenyewe. Siku moja mkewe alikuja na gunia la mbegu za viazi, akaliweka mlangoni mwa hema letu la shambani, akakaa. Nikachemsha chai. Hatukuongea habari za ule usiku. Tulizungumza kuhusu viazi. Wiki iliyofuata tulilala shambani kwa mara ya kwanza, sote, nguo zikiwa mwilini na viatu karibu na mkono. Kwenye daftari langu niliandika nyumba yetu kuwa imerudi tarehe hiyo, wala si tarehe ya lori.

Yuko jirani mwingine ambaye hajatusalimia mpaka leo. Naye namwacha kwa Mungu.

Mwaka 2012 Kenya ilipata sheria ya kuwalinda na kuwasaidia waliohamishwa ndani ya nchi yao, na ndani yake hawahesabiwi wa kambini peke yao. Mtu amehama hata kama amelala kwa dada yake. Niliisikia redioni nikasimama katikati ya jikoni. Nikamwambia mume wangu, "Wamemwandika Shosho." Alikuwa ameshafariki.

Mwanangu sasa ni mtu mzima. Ana kazi yake Nakuru, mji uleule, na anaupenda. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi, na kwa ajili ya mume wangu aliyeniuliza mko wangapi na akakubali kungoja jibu likamilike. Lakini sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Mwaka 2013, 2017, 2022, kila Desemba isiyo na kura na kila mwezi ulio na kura, mfuko wenye hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na picha za watoto umening'inia nyuma ya mlango. Lori likipunguza mwendo usiku karibu na kwetu, bado naamka. Mume wangu anajua, hunishika mkono, hatuongei.

Sasa wewe. Kama kuna meza mahali ulipo, nenda leo. Usiandikishe jina la kitambulisho pekee. Taja jina ambalo mtu wako aliyepotea hukuita wewe, maana akiulizwa ndilo atakalolisema. Taja soko, mwalimu, kanisa au msikiti, kovu, nguo, kikapu. Kama ulitenganishwa na mtu mzima aliyekuwa na mtoto, waandikishe wote wawili, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu huenda nao wametenganishwa tayari. Kama umehifadhiwa na ndugu na hakuna meza karibu, tuma mtu kwenye kambi au kwa Msalaba Mwekundu, na umwombe mwenyeji wako asione haya kusema kwamba ana wageni waliokimbia. Na wakija na lori la kurudi nyumbani, uliza nani atakuwapo usiku, uliza shule imefunguliwa au la, na usiruhusu jina la mtu wako aliyebaki nyuma lifutwe kwa sababu wewe umepanda.

Wakikuambia hakuna, rudi tena ukiwa umekumbuka jambo jingine, hata rangi ya kitambaa. Nakuombea, wewe na wote ulio nao na wote unaowangoja.